Siku moja maishani mwangu: asubuhi dagaa Mwaloni, jioni fainali ya chesi

Saa kumi na moja alfajiri nishafika Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki Mwanza, boti za visiwani zinashusha magunia. Nachagua dagaa wa chanja tu, waliokaushwa juu ya chanja, wa mchangani wateja wangu hawataki, ukitafuna unasikia kokoto.

Saa tatu mteja wa Kongo anahesabu magunia, mi kichwani nahesabu hatua za chesi, maana jioni nakutana na mwalimu mmoja wa Igoma, fainali ya wanawake.

Saa saba ugali na sangara, simu mkononi, naangalia tena ile gemu ya Julai 2023 kule Chongqing, China, Ju Wenjun na Lei Tingjie wako pointi 5.5 kwa 5.5, gemu ya 12, ya mwisho, ubingwa wa dunia wa wanawake uko mezani, na Ju mwenye nyeupe anafungua d4, farasi f3, e3 (herufi na namba ni mraba wa ubaoni, na pasipotajwa kete ni kale kadogo ka mbele, pawn). Colle jamani! Ule ufunguzi vijana wetu wanasema ni wa wanaojifunza. Akashinda, akabaki na taji. Mi naupenda kwa sababu mtu umeamka usiku wa manane huna kichwa cha kukariri mistari yote ya ufunguzi kama Sicilian, hapa unajenga taratibu, askofu d3, mfalme unamficha, farasi d2, ndo unasukuma e4. Na yule askofu muda wote anaitazama h7.

Saa kumi na moja jioni, nimenawa na limao mara mbili lakini vidole bado vinanuka dagaa. Dakika 25 kila mtu. Nacheza Colle, dada wa watu anajibu harakaharaka, malkia wake anampeleka c7, mi nasukuma e4, kisha e5, farasi wake wa f6 anakimbilia d7. Nikaacha kupumua. h7 haina mlinzi zaidi ya mfalme mwenyewe! Nikakaa dakika tisa nzima nikipiga hesabu, saa inakula, halafu askofu akala h7, shaa, yaani mfalme wake anashambuliwa, mfalme akamla, farasi g5, shaa tena, mfalme akarudi g8, malkia wangu h5. Mwalimu akashika shavu. Akahangaika hatua chache, akamlaza mfalme, akanipa mkono, "hongera mama, hiyo sikuiona."

Saa mbili usiku kwenye daladala naandika hatua zote nyuma ya daftari la madeni. Ile ya 9 bado inanisumbua, nilipaswa kuleta ngome e1 kwanza.