Kifua kikuu cha mgongoni

Mwaka 2017 nilipanda Kibosho kumwona baba, nikamkuta kibarazani anatoboa mkanda wake kwa msumari. Tundu la tatu hilo. "Suruali za siku hizi zinalegea," akasema, nami nikacheka. Alikuwa na miaka 74.

Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu msimu wa kahawa, na sote tulikuwa na jibu moja: uzee. Usiku alilowesha shuka kwa jasho, na baridi yote ile ya mlimani, tukalaumu blanketi. Zahanati moja ilimpa diklofenaki ya kutuliza maumivu, ikamchoma sindano, ikarudi kwenye diklofenaki. Miezi mitano. Mimi nami nilikuwa namnunulia dawa ya kuchua Moshi mjini, kwa hiyo lawama nina fungu langu.

Jioni moja, nikimchua, kidole kikajikwaa kwenye pingili iliyochomoza chini ya ngozi, ngumu kama kokwa la embe. Nikairudia. "Hapo hapo, mama, taratibu."

Hospitalini walianza na saratani ya tezi dume, maana kwa wazee hupenda kukimbilia mifupa ya mgongo. Kipimo kikatoka kizuri. TB haikutajwa: hakuwa amekohoa hata siku moja, na picha ya kifua ilikuwa safi. Aliyeitaja ni daktari kijana aliyetuonyesha kwa ncha ya kalamu, kwenye picha ya CT, pingili mbili zinazopakana zimeliwa, na ile sahani ya katikati imekwisha. "Saratani mara nyingi hula mfupa, sahani ikaiacha," alisema. Akamgeukia baba. "Mzee wangu, uliwahi kuishi na mtu wa kifua kikuu?"

Baba alishika kofia yake magotini, akaizungusha.

"Kaka yangu. 1958. Tulilala kitanda kimoja mpaka alipopelekwa Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu. Hakurudi."

Miaka 59 vimelea vimelala ndani yake, vikingoja mwili uchoke.

Walimchoma sindano ndefu mgongoni, wakavuta usaha, wakaupima kwenye GeneXpert, mashine inayotambua vimelea vya TB. Kesho yake jibu likaja. Dawa ni bure, ila za mgongo hazikomi miezi sita, aliandikiwa mwaka mzima. Shangazi alikwisha kumtengea kikombe. Nilimweleza mara tatu kwamba TB ya mgongoni, mapafu yakiwa salama, haina pa kupitia ikamfikia mtu mwingine. Aliitikia kila mara, na kikombe kikabaki pembeni.

Siku ya pili ya dawa, saa kumi na moja alfajiri, simu ikalia.

"Mama, nakojoa Mirinda."

Ni rifampisini, mojawapo ya dawa zake za TB. Nesi alituambia mkojo ungebadilika rangi, nikasahau kumfikishia. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kaka yake naye alikojoa hivyo.

Nikamwambia mwaka ule dawa hiyo haikuwepo bado.