Tangi la mimea Mwanza: kutoka mawe matupu hadi neoni na kori

Februari

Tangi limekamilika: sentimita 90 kwa 40 kwa 40, kazi ya fundi vioo wa hapa mjini. Silikoni imeachwa ikauke mpaka ile harufu kali ikaisha. Likijaa pomoni ni lita 144. Ukitoa mchanga na mawe, nitabaki na kama 120.

Mawe Mwanza si ya kutafuta. Hata hivyo kila jiwe nililiangushia matone ya siki kabla ya kuliingiza. Jiwe lenye chokaa hutoa povu, na chokaa hiyo ikiyeyuka huyafanya maji kuwa magumu. Mawe yetu ya itale hayakutoa hata kiputo. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, na ya bombani kwetu yanatoka humo humo, kwa hiyo nimeamua kufuga neoni na kori, samaki wa Amerika Kusini waliozoea maji laini. Gapi ni wazuri sana, ila wao hustawi kwenye maji magumu zaidi. Kwa maoni yangu, yatazame kwanza maji uliyonayo, ndipo umchague samaki. Ukifanya kinyume utanunua dawa za kurekebisha maji hadi uchoke.

Machi

Mimea ndiyo imechukua muda wangu mwingi. Mvuvi jirani ameniletea aina mbili za ziwani: valisneria, yenye majani marefu membamba, na seratofilamu, ambayo haina mizizi na huelea tu. Hapa naomba tuelewane vizuri: mmea wa ziwani unaweza kuja na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Wa kichocho cha tumbo ana gamba dogo, bapa, lililojizungusha. Nilivaa glavu, nikachambua jani moja moja, nikailoweka mimea kwenye maji ya shabu, nikaisuuza, kisha nikaiacha kwenye ndoo yake peke yake kwa zaidi ya wiki huku nikikagua kama kuna mayai, yale madoa ya utelezi chini ya majani. Vimelea wakishatoka kwa konokono hawaishi majini zaidi ya siku mbili hivi wasipopata mtu wa kumwingia. Ndiyo maana ndoo isiyo na konokono, ikikaa, inakuwa salama.

Anubiasi nimeiagiza Dar. Asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Lile shina lake nene linalolala halifukiwi, likifukiwa huoza. Nimelifunga kwa uzi juu ya jiwe.

Aprili

Tangi lina maji, taa na filta, samaki bado. Kila siku natupia punje chache za chakula zioze. Zikioza hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huitumia. Mbili za mwanzo ni sumu kwa samaki hata zikiwa kidogo. Majani ya zamani ya valisneria yameyeyuka karibu yote, jambo la kawaida mmea ukihamishwa, na mapya yanachomoza katikati. Taa nimeiwekea saa saba kwa siku. Nikizidisha, mwani huparamia vioo.

Mei

Amonia sifuri, nitriti sifuri, vipimo vitatu mfululizo. Nimeagiza samaki.

Juni

Neoni 12 wamefika kwa basi la usiku kutoka Dar, kwenye mfuko uliojazwa oksijeni. Niliuacha mfuko uelee tangini hadi joto likalingana, nikawa naongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe, taa ikiwa imezimwa.

Usiku huwa wanapauka. Ukiwasha taa alfajiri utakuta ule mstari wa buluu umefifia na kuwa zambarau, na wekundu wa mkiani ni kama haupo. Baada ya muda mfupi vyote vinarudi. Buluu ile inatokana na fuwele ndogo mno ndani ya ngozi zinazoakisi mwanga. Samaki huyu alipewa jina la kisayansi mwaka 1936, na leo huitwa Paracheirodon innesi. Neno innesi ni kwa heshima ya William T. Innes wa Philadelphia, mwandishi na mchapishaji wa mambo ya samaki wa tangini.

Agosti

Kori sita wameingia. Nimewawekea mchanga laini kwa ajili ya sharubu zao, kwani changarawe yenye ncha huzikwangua. Huzamisha mdomo hadi karibu na macho, na mchanga unamwagika kupitia matamvua. Mara ghafla mmoja hufyatuka hadi juu, akameza hewa na kurudi chini. Si dalili ya ugonjwa, hewa hiyo huipokea kupitia utumbo.

Umeme ulikatika usiku mzima wiki iliyopita. Gizani mimea nayo hutumia oksijeni, kwa hiyo pampu ndogo ya betri ilifanya kazi hadi asubuhi. Wote wazima.

Seratofilamu sasa naipogoa kila wiki. Mabaki nayaanika juani hadi yakauke kabisa, ndipo yaende bustanini. Mferejini hapana, maana mfereji wetu unaishia ziwani. Magugumaji tunayopambana nayo asili yake ni Amerika Kusini, na yalisambazwa duniani kama maua ya kupendezesha mabwawa.

Septemba nitaongeza haliquini wanane, samaki wengine wadogo wa maji laini, nitulie hapo. Kwa lita hizi wanatosha.