Basi Usituulize

Juma hili mkataba wa msimu ujao umesainiwa na dada yangu amejifungua salama, lakini mimi bado narudia maneno mawili niliyoambiwa Ijumaa, kando ya jukwaa, na mtoto wa miaka sita hivi.

Katika mchezo wetu wa watoto mimi ndiye Mzee, na kuna ile sehemu ya ufunguo uliopotea. Mwizi amesimama nyuma ya Mzee, naye Mzee anawauliza watoto, "Yuko wapi?" Ukumbi mzima unapiga kelele, "Nyuma yako!" Nageukia huku, mwizi anahamia kule, nageukia kule, anarudi huku, mara tatu, na kila mara kelele zinapanda. Taa za ukumbini tunaziacha ziwake kidogo ili wadogo wasiogope giza, kwa hiyo naziona nyuso zao, na siku zote niliamini kwamba ninachokiona ni furaha tupu.

"Babu," aliniita, kwa kuwa sikuwa nimevua ndevu, "ulinisikia?"

"Nilikusikia, mjukuu wangu."

"Nilikuonyesha kwa kidole. Mbona uligeukia upande mwingine?"

"Ndivyo mchezo ulivyo."

Alinitazama kidogo. "Basi usituulize."

Ilikuwa tarehe 20 Machi, siku ya dunia ya tamthilia kwa watoto na vijana, inayoadhimishwa na ASSITEJ, jumuiya iliyoundwa Paris mwaka 1965. Saa moja kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele ya pazia nikasema kwamba mtoto ni mtazamaji kamili leo hii, wala si mtu anayefundishwa kukaa kimya ili awe mtazamaji atakapokua. Niliyasema kwa moyo wote. Kisha mtazamaji kamili akaja kumuuliza Babu swali la haki, na aliyemjibu hakuwa Babu bali mwigizaji mwenye haraka ya kuvua maleba.

Jumanne nilimsimulia mwongozaji wetu. Hakucheka, jambo ambalo namshukuru, aliniuliza tu, "Kwani Mzee hageuki kwa nini?" Nimeicheza nafasi hiyo zaidi ya mara arobaini, na sikuwa na jibu.

Jana tulijaribu jibu. Watoto walipopaza sauti, sikugeuka popote. Nilikaza mkono kwenye fimbo, nikasema kwa sauti ndogo, "Nimewasikia. Naogopa kugeuka." Ukumbi ulinyamaza, na nilihisi hata mwenzangu anayeigiza mwizi, nyuma yangu, amezuia pumzi. Ndipo mtoto mmoja wa safu ya tatu akasema, taratibu kabisa, kama anayemshika mtu mkono, "Geuka polepole, Babu. Sisi tunamwangalia." Nikageuka polepole, nao wakaniongoza, kwa minong'ono, mpaka nikamkuta.

Tumepoteza kicheko kikubwa kuliko vyote katika zile dakika 50 za mchezo, na sikitamani. Ninachotamani ni kwamba yule wa Ijumaa angekuwapo, ila darasa lake limekwisha kuona na halitarudi.

Sasa kuna jambo la sauti. Maneno yale lazima yasemwe chini, na bado yafike safu ya mwisho, jambo linalochosha koo kuliko kupiga kelele. Tangu jana usiku sauti yangu inakwaruza, nimekunywa maji ya moto mara tatu bila nafuu, na kesho tuna maonyesho mawili.