Amepatwa na Haya Tangu Lini?

Somo: Marko 9:14–29

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Aliposhuka mlimani, Yesu aliwakuta wanafunzi wake wakibishana na waandishi mbele ya umati, na katikati ya mabishano hayo alikuwapo baba aliyekuwa amemleta mwanawe kwao, nao wasiweze kumsaidia. Wiki hii nimesimama kwenye mstari wa 21. Mtoto amekwisha kuanguka chini, anagaagaa na kutokwa na povu, naye Yesu, kabla ya kumponya, anamgeukia baba na kumwuliza amepatwa na haya tangu lini. Baba anajibu kwamba ni tangu utoto, kisha anasimulia jinsi mwanawe alivyotupwa mara nyingi motoni na majini. Aliyejua yote aliuliza, akasikiliza.

Nawaandikia hasa ninyi mnaofanya kazi kama yangu ya kuzitembelea familia zenye watoto wenye ulemavu. Miaka ya mwanzo nilikwenda kwa mama mmoja mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, nikiwa na fomu mkononi na mazoezi kichwani. Nilimnyoosha mtoto miguu, nikamwagiza mama arudie vivyo hivyo kila asubuhi, nikaondoka. Niliporudi na kukuta hajafanya, nilimsema mbele ya mama mkwe wake. Alinyamaza. Ilinichukua miezi kufahamu kwamba asubuhi, kabla jua halijapanda, misuli ya mtoto yule ilikakamaa kuliko saa nyingine yoyote, na kwamba mama alikuwa akimkanda kwa maji ya moto jioni, akimnyoosha taratibu huku akimwimbia, bila kilio. Alijua pia kumpakata akiwa ameinua kichwa ili uji usimpalie. Hayo yote angenieleza siku ya kwanza, kama ningemwuliza. Nilimwomba radhi, na mbele ya mama mkwe yule yule, kwa kuwa aibu niliyompa haikuwa ya faragha.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika kifungu cha 26 huduma za utengemao, yaani za kumsaidia mtu kupata au kurudisha uwezo wa kujitegemea, ziwe karibu iwezekanavyo na jamii wanamoishi watu, hata vijijini. Ukaribu huo ndio unaotuingiza katika nyumba za watu, tukaketi kwenye mikeka yao na kuona upungufu wao. Kwa hiyo tunayoyaona humo ni amana, wala hayafai kugeuzwa maombi ya hadharani bila ruhusa ya wenyewe.

Tazameni pia lile ombi la baba: "utuhurumie, na kutusaidia." Anayeanguka ni mtoto, lakini baba anajihesabu naye, kwa sababu ugonjwa ule umeikalia nyumba nzima. Mhudumu anayeuliza habari za mtoto bila kumwuliza mama kama amelala usiku amesikia nusu ya ombi. (Na mtoto naye asisahauliwe, asalimiwe kwa jina lake, hata kama hasemi.)

Tena baba anasema, "ukiweza." Sisi wahudumu neno hilo hutuudhi, tunapolisikia kwa mama anayejibu "tutaona" au asiyefungua mlango, nasi tukamwita mkaidi. Lakini baba huyu alikuwa ametoka tu kuwajaribu wanafunzi, wakashindwa. Shaka yake ilikuwa na sababu. Yesu hakumficha kwamba imani inahitajika, wala hakumwacha. Na baba alipolia kwamba anaamini, asaidiwe kutokuamini kwake, mwanawe aliponywa siku ile ile.

Jumatano hii nakwenda kwa mara ya tatu kwenye nyumba ambayo waliotutangulia waliahidi kiti cha magurudumu, kisha hawakurudi. Sina kiti cha kupeleka. Nakwenda kuuliza na kukaa mpaka wamalize kusema, nami naomba mnikumbuke katika sala saa nne asubuhi.