Siku Land Rover Sita Zilipoinama

Zilikuwa sita, Series III za inchi 88 (kipimo cha toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), zimepangwa nje ya mlango wa mwisho, na zote zimelalia kulia, upande wa dereva. Ukiitazama moja peke yake usingeona kitu. Ukizitazama sita kwa mstari zilikuwa kama wachota maji waliobeba ndoo kwa mkono uleule.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kiwanda sikitaji, maana kosa lilikuwa la benchi letu. Kazi yetu ilikuwa CKD, yaani kuunga gari lililoletwa vipandevipande: gari linatoka Solihull, Uingereza, likiwa vipande ndani ya masanduku ya mbao, linashuka Kilindini, nasi tunaliunga. Watu wakisikia kiwanda cha magari huwaza mkanda unaojiendesha, kama ule wa Ford pale Highland Park, ambao kuanzia mwaka 1913 uliushusha muda wa kuunga Model T moja kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Kwetu mkanda ulikuwa mikono. Chesisi ilikaa juu ya toroli la magurudumu ya chuma, na kengele ikilia watu wanne waliisukuma hadi kituo kinachofuata. Kama kituo cha mbele hakijamaliza, mnangoja mmesimama, na nyapara anaangalia saa yake bila kusema neno.

Land Rover ilifaa sana mtindo huo. Tangu ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ilikuwa aluminiamu, kwa kuwa baada ya vita bati la chuma lilikuwa likigawiwa kwa kibali kule Uingereza. Sehemu nyingi za bodi hiyo zinafungwa kwa bolti, kwa hiyo mtu mwenye spana na akili anaweza kuiunga bila mitambo mikubwa. Tabu ya aluminiamu iko kwenye rangi. Usipoanza na praima yenye asidi, ile inayong'ata bati, rangi itashika vizuri mbele ya mkaguzi, halafu miezi michache baadaye inavuka kama gamba la nyoka.

Kituo cha kwanza ndicho kilichotuponza. Pale chesisi hulazwa miguu juu, yaani imepinduliwa, chini yake ikitazama paa la kiwanda. Sababu ni uzito. Ekseli pamoja na difu yake si kitu cha kuinua kwa mikono kutokea chini ukiwa umelala chali. Ni rahisi zaidi kuishusha kwa winchi kutoka juu. Springi ni nne, za majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kila moja ina jicho kila ncha, na ndani ya jicho kuna bushi: bomba la chuma la nje, raba, na bomba dogo la ndani. Ncha moja hufungwa kwenye chesisi yenyewe, nyingine kwenye shakoli, kiungo cha chuma kinachobembea, ili springi ipate pa kurefukia inapobanwa. Gari likiwa limesimama, ekseli hukalia springi, na kila upande hubanwa kwa yu-bolti mbili na nati nne. Katikati ya springi pana senta bolti, na kichwa chake lazima kizame kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Kisipozama, yu-bolti zitakaza vilevile na utadhani umemaliza, kumbe ekseli imekaa mshazari na gari litakwenda upande kama kaa.

Baada ya hapo zinafungwa bomba za breki, chesisi inageuzwa kwa winchi mbili, inavishwa magurudumu, injini na giaboksi vinashuka vikiwa kitu kimoja, na propela shafti zinaunganishwa. Ndipo bodi ije. Hata bodi ina utaratibu wake: ukuta unaotenga injini na dereva hukazwa nusu tu kwanza, milango inatundikwa, nafasi inapimwa, washa zinaongezwa au kupunguzwa, ndipo mnakaza moja kwa moja. Ukikaza kabla ya milango, utashinda siku nzima ukiupiga mlango kwa kiganja.

Sasa hizo springi. Wengi wenye Land Rover hawajui kwamba ya kulia na ya kushoto si sawa. Ya upande wa dereva imepindwa zaidi, kwa sababu dereva hakosekani garini, na kwenye 88 tangi la mafuta liko chini ya kiti cha kulia. Kwa hiyo gari tupu lililofungwa sawasawa huwa limeinua bega kidogo upande wa dereva. Akipanda na tangi likijaa, linakaa sawa. Zikibadilishana, uzito wote unaangukia springi dhaifu, na gari linainama.

Siku ile mkaguzi alikuwa akiweka taa. Gari husimamishwa mbele ya ukuta uliochorwa msalaba, taa zinawashwa, miale inapimwa. Ya kwanza ikakataa, mwale wa kulia uko chini. Ya pili hivyohivyo. Ilipofika ya tatu akaacha taa, akachukua futi ya utepe, akapima kutoka ukingo wa madigadi hadi sakafuni, kulia na kushoto. Tofauti ilikuwa karibu inchi moja na nusu.

Nyapara akaja. Hakugombana na mtu. Aliagiza springi mbili mpya kutoka stoo, akazilaza sakafuni ncha chini mgongo juu, akaweka ubao wa kunyooshea juu yake. Ubao ukalala mshazari. Moja ilikuwa juu zaidi, jambo linaloonekana kwa macho matupu zikiwa zimelala pamoja, lakini zikiwa mbalimbali huwezi kulikisia. Halafu akatuita kituo cha kwanza.

"Nani alifunga springi juzi?"

Kijana mmoja, hana hata mwezi mmoja kazini, akainua mkono. "Mimi, mzee. Nilifuata alama."

Na kweli alifuata. Vibandiko vya namba vilivyofungwa kwa waya hukatika njiani, kwa hiyo watu wa stoo walikuwa wakisoma namba kwenye orodha ya sanduku na kuandika kwa chaki: KULIA, KUSHOTO. Yeye akasimama nyuma ya chesisi, uso wake ukitazama mbele ya gari, akaiweka ya KULIA mkono wake wa kulia. Chesisi imepinduliwa! Kulia kwa gari kulikuwa kushoto kwake. Fundi aliyezoea hageuzi kichwani, anaangalia tu upande lilipo tundu la usukani. Hakuna aliyemwambia hilo, na sisi tuliomtangulia tulikuwa tumelisahau kuwa ni jambo la kuambiwa.

Nilipewa magari matatu kati ya sita. Kufungua springi gari likiwa na bodi ni kazi nyingine kabisa. Unaweka kabari kwenye magurudumu yasiyoguswa, unainua chesisi kwa jeki na kuikalisha kwenye stendi, ekseli unaishika kwa jeki ya pili ili isining'inie kwa bomba la breki. Unafungua shokapu chini, yu-bolti, kisha bolti za macho. Tatizo la kwanza ni kwamba ekseli ikiachiliwa upande mmoja husogea, na kurudisha senta bolti kwenye tundu lake kunataka mtu wa pili mwenye mtaimbo na subira. Mwenzangu alikuwa na mtaimbo.

Kwenye gari la pili tukakuta kosa jingine lililojificha ndani ya lile la kwanza. Bolti za macho na za shakoli zilikuwa zimekazwa kabisa tangu chesisi ikiwa imepinduliwa. Hizo hukazwa kwa mkono tu pale kituo cha kwanza. Hukazwa moja kwa moja gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba uzito wake, maana bolti hubana lile bomba la ndani la bushi lisizunguke, na kila springi inapocheza raba ndiyo inayojinyonga. Ukilikaza springi ikiwa haina mzigo, raba inaanza maisha ikiwa imejinyonga. Gari linasimama juu kuliko inavyopasa, na raba inachanika mapema. Ya bushi mbili ilikuwa imeanza kufanya mstari mwembamba kwenye ukingo, upana wa ukucha. Tukazisukuma nje kwa presi na kutia mpya.

Nyapara alipoona hivyo ndipo akakasirika, tena na sisi wakongwe. Springi kubadilishana ni ugeni, alisema, lakini kukaza bolti hewani ni uvivu wa mtu anayejua.

Kurudisha tulikwenda kwa mpango wake: yu-bolti zinakazwa kwa mshazari, nati moja na ile ya pembe inayoikabili, kidogokidogo, mpaka spana ya toki inalia. Gari linashushwa. Watu wawili wanapanda bampa ya mbele na kuruka mara kadhaa, halafu nyuma, springi zikae. Ndipo unaingia chini kukaza bolti za macho, na kila iliyokazwa inapigwa alama ya rangi ya njano. Baada ya jaribio la barabarani yu-bolti hukazwa tena, kwa sababu majani ya springi yakishakaa pamoja huacha ulegevu.

Ya sita iliteremka jioni, taa za paa zimeshawashwa. Mkaguzi akapima, kulia juu kidogo, akaandika namba zake. Yule kijana alikuwa kituo cha kwanza na kopo la rangi nyeupe, anaandika herufi D kubwa kwenye mhimili wa chesisi ya kesho yake, upande wa dereva. Kabla ya kuandika alichuchumaa, akapitisha kichwa chini ya chesisi ile iliyopinduliwa, akatafuta tundu la usukani kwa kidole.