Na baada ya haya mtakuwa watu wema

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii nimeshindwa kuivuka aya ya 9 ya Surat Yusuf. Ndugu zake Yusuf wamekaa kikao. Auawe, wanasema, au atupwe nchi ya mbali, ili uso wa baba uwaelekee wao peke yao. Kisha linakuja neno la kumalizia: na baada ya haya mtakuwa watu wema.

Hawajagusa hata kanzu ya mtoto, na toba imeshapangiwa zamu yake. Hawa hawakuwa majambazi wa porini. Ni watoto wa Nabii Yaaqub, waliokulia nyumba ya ibada, na walichokitaka mwanzoni hakikuwa haramu: kupendwa na baba yao. Mmoja akashauri wasimuue, wamtie kisimani, wasafiri watamwokota. Nadhani alilala usiku ule akijihesabu kuwa ndiye mwenye huruma kuliko wenzake.

Huku kwetu Mtwara na Lindi, kisima hicho kinaitwa kangomba. Mnaijua. Ghala la nyumbani limekauka, mikorosho inataka salfa, mtoto anadaiwa sare ya shule. Mama anakwenda kwa jirani mwenye duka. Anapewa pesa, na msimu ukifika alipe kwa korosho, kwa bei waliyopatana siku ile ya njaa. Kipimo ni bakuli linalozidi kilo, lakini linahesabiwa kilo. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza huku mwaka 2007 ili mzigo upimwe kwenye chama cha msingi cha ushirika na uuzwe mnadani kwa bei ya wazi, lakini kangomba haikufa. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wahakiki walilazimika kufika hadi mashambani, kwa sababu walikuwapo wenye magunia ya korosho ambao hawana hata mkorosho mmoja.

Mwulize yule jirani. Atakwambia: nimemsaidia, benki gani ingemkopesha? Watoto wake wangelala njaa. Amekubali mwenyewe. Wengine wanachukua mara mbili ya hiki ninachochukua mimi. Na zaka natoa, na mabati ya msikiti nimechangia.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba karibu kila alichosema ni kweli. Njaa ilikuwapo, na watoto walikula. Mtu anayeswali hawezi kuishi na uongo mtupu kifuani. Hutafuta ukweli kidogo wa kuuegemeza.

Lakini sikilizeni Surat Al-Mutaffifin: ole wao wapunjao, ambao wanapojipimia kwa watu hudai watimiziwe, na wao wanapowapimia watu hupunguza. Jirani huyo huyo, akiupeleka ule mzigo ghalani, husimama kando ya mizani na kugombana na karani juu ya makato ya unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho zikikauka, gramu kwa gramu. Basi haki anaijua vizuri kabisa. Anaijua pale inapomhusu yeye. Ndiyo maana siamini tunaposema hatukujua.

Na pwani hii ina kumbukumbu nzito kuliko korosho. Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuwasafirisha watumwa waliotolewa pande za Ziwa Nyasa, na miongoni mwa waliofaidika walikuwamo watu wa swala na funga. Mtume (s.a.w.) alikwisha kufundisha, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari, kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atasimama kuwa mgomvi wa aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Biashara ikaendelea. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuizuia baharini mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, na bado misafara ikageuzia nchi kavu. Mji mzima ukishazoea jambo, mtu haombwi tena udhuru, mji unamtolea.

Surat Al-Qiyama inasema mtu ni hoja juu ya nafsi yake, hata akitoa nyudhuru zake. Shahidi tunaye ndani.

Najua mtu atasema: mbona ndugu zake Yusuf walisamehewa? Kweli, waliomba na wakaombewa. Lakini kati ya kisima na msamaha macho ya mzee Yaaqub yaligeuka meupe kwa huzuni, na Yusuf akapita utumwani na gerezani. Huyo aliyepanga kutubu baadaye hakuyahesabu hayo.

Msimu wa korosho unafika Oktoba. Mwenye daftari la madeni alifungue sasa, kabla magunia hayajaanza kwenda ghalani. Akae na mkulima, wahesabu pesa aliyompa, alipwe hiyo hiyo, na kilo zake mkulima azipeleke mwenyewe kwenye chama cha msingi. Akiwa bado ana dhiki, Surat Al-Baqara aya ya 280 imeshasema angojewe mpaka afarijike. Na aliyekula ziada ya msimu uliopita, istighfari peke yake haimtoshi: hiyo ni haki ya mja, na mwenyewe yupo, nyumba yake inajulikana. Amrudishie.