Robo Saa ya Kabla ya 1960

Mwaka 2018 nilikabidhiwa programu ya Android ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Mombasa. Wanachama wake wengi walikuwa wastaafu, na lalamiko la kwanza lililetwa na mmoja wao mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka simu na kitambulisho ubavu kwa ubavu mezani. Kitambulisho kilisema 4 Machi 1955. Simu ilisema 3 Machi.

"Siku yangu moja mumeipeleka wapi, mwanangu?"

Katibu alidhani kuna mtu alikosea kuandika. Akafungua faili: fomu ya kujiunga ilikuwa sawa. Tukapekua wengine, tukakuta wazee kadhaa wamerudishwa nyuma siku moja, na vijana wote hawajaguswa. Siku moja si kitu, utasema. Lakini wazee wengi wa rika lile wameandikiwa 1 Januari, kwa kuwa siku yao halisi haikuwekwa popote. Aliyezaliwa 1 Januari 1958 akawa wa 31 Desemba 1957, na programu, ambayo ilikuwa ikitoa tu mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa sasa, ikamwongezea mwaka mzima wa umri. Fao la uzeeni lilianza miaka 60. Katibu hakucheka.

Kwenye seva kila tarehe iligeuzwa taimstampu, yaani idadi ya sekunde tangu usiku wa manane wa kuamkia 1 Januari 1970, kwa saa za UTC, saa ya kimataifa ambayo kanda zote hupimwa kwayo. Siku ya kuzaliwa ilichukuliwa kuwa inaanza saa sita usiku, zikatolewa saa 3 za Afrika Mashariki, ikahifadhiwa namba. Simu ilipoipokea iliizidisha kwa 1,000, maana Android huhesabu kwa milisekunde, kisha ikaigeuza tena tarehe.

Nilianza na washukiwa wa kila siku. Ukisahau kuzidisha kwa 1,000, wanachama wote wanazaliwa mwishoni mwa Desemba 1969 au ndani ya Januari 1970, haikuwa hivyo. Ukiandika mm badala ya MM kwenye muundo wa tarehe, unapata dakika palipotakiwa mwezi. Nayo haikuwa hiyo. Nikaiandama alama ya kutoa. Namba ya yule mzee ilikuwa -468,039,600, kwa sababu alizaliwa kabla ya 1970, na nilikuwa tayari kuapa kwamba mahali fulani kuna hesabu isiyopenda namba hasi. Ila palikuwa na mama mmoja wa 1964. Namba yake nayo hasi, na tarehe yake ilikuwa sahihi kabisa.

Hapo ndipo nilipoiambia simu inionyeshe na saa, si tarehe peke yake. Ikatoa 3 Machi 1955, 23:45.

Saa sita kasorobo usiku! Hitilafu za kanda za saa katika eneo letu nilizizoea, na zote huwa ni za saa tatu. Robo saa sikuwahi kuiona. Nikajaribu tarehe moja moja: 1959 robo saa imepungua, 1961 iko sawa, na mpaka wenyewe uko pale mwaka 1960 unapoanza.

Simu haikuwa na kosa. Ndani yake mna kanzidata ya kanda za saa, ile inayotunzwa chini ya IANA, shirika linalosimamia orodha za pamoja za intaneti, na humo Nairobi, ambayo saa zake ndizo za Kenya nzima, ina historia yake. Toleo lililokuwa kwenye simu zile lilisema kwamba kuanzia 1940 hadi kuingia 1960 tulikuwa mbele ya UTC kwa saa 2 na dakika 45, wala si saa 3. Seva ilitoa saa 3 kwa kila mtu, wa juzi na wa enzi za ukoloni. Simu ikarudisha kufuatana na historia. Dakika 15 zikapotea katikati, na kwa kuwa kila tarehe ilisimama saa sita usiku kamili, zilitosha kuiangusha siku nzima.

Mwenzangu wa upande wa seva alitaka tuongeze dakika 15 kwa yeyote wa kabla ya 1960, tukalale. Nilimkatalia, na tulibishana hadi chai ikapoa. Muda wa mtu kuweka pesa ni taimstampu, sina neno. Siku ya kuzaliwa haina saa wala kanda. Ya nini kuipachika saa sita ya usiku ambayo hakuna aliyeitaja? Mwisho tulijumlisha sekunde 10,800, yaani zile saa 3 zilizotolewa, kwa kila namba, tarehe zote zikarudi salama, tukazihifadhi kama maandishi: 1955-03-04. Kwenye simu tukatumia LocalDate, aina ya data inayobeba tarehe tupu, bila saa wala kanda. Hiyo Android ilikuja nayo kuanzia toleo la 8, na simu za wazee wetu nyingi zilikuwa za nyuma ya hapo, kwa hiyo tukabeba ndani ya programu maktaba ya ThreeTenABP, inayozipa simu za zamani uwezo huohuo.

Mzee alipokuja tena nilimweleza habari ya robo saa. Akasema mwaka 1955 yeye alikuwa ananyonya, niwaulize Waingereza. Akatazama tarehe yake, akaridhika, kisha akauliza mkopo wake umefika wapi. Nikamwelekeza kwa katibu.